Dunia Iliyomaliza Udongo

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu picha ya Mirihi na Dunia zimekaa bega kwa bega, nikasikia tena harufu ya udongo mbichi wa nyumbani Kiseke.

Siku moja nikiwa mtoto, Mama alikuwa ameacha uani, chini ya gunia bichi, udongo wa kumfinyangia jirani yetu Mama Neema jiko, akaenda gulioni. Dada Kabula alitakiwa kupeleka sayari shuleni kesho yake. Alifinyanga Mirihi, sawa na chungwa, akanipa kazi ya Dunia, yenye upana wa karibu mara mbili. Nilichukua udongo wa Mirihi mbili, nikaubiringisha.

“Dunia gani hiyo imekonda?” Kabula alinicheka. “Ongeza.”

Niliongeza, na bado ilikuwa ndogo. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka, nami nikaamini kabisa kwamba Dunia ilikuwa inakula. Leo najua humeza Mirihi sita na bado ina nafasi.

Mama aliporudi, gunia lilikuwa limelala chini, bila udongo chini yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Udongo wa watu uko wapi?”

“Dunia imekula,” nilijibu.

Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaizungusha polepole, kisha akazamisha vidole gumba ndani yake. Kabula alianza kulia.

“Mwalimu ataniuliza Dunia iko wapi.”

“Peleka hiyo ndogo,” Mama alisema, akiupanua mdomo wa jiko. “Mwambie Dunia iko kwa Mama Neema, inapika maharage.”