Glavu Yangu Ilifuta Kitabu, Nikasema ni Salama

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kulizungusha, maana kuzungusha maneno ndiyo kazi ninayoijua vizuri kuliko zote.

Mi ni mzaliwa wa Bujumbura. Babu yangu alikuja na nguo za kuuza kutoka Omani, baba naye akauza nguo, mi nikaona nguo ni mambo ya zamani. Nikafungua sekretaria mjini, karibu na soko. Mnazijua sekretaria zetu: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na benchi la watu wanaosubiri kuandikiwa barua. Vita vilituletea wateja, Mungu anisamehe. Nyumba ikiungua, karatasi nazo zimeungua, na mtu asiye na karatasi akifika kwenye bariyeri ya askari ana maelezo mengi ya kutoa.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mwenye sekretaria alikuwa hajui kupiga klavie ya kompyuta! Wallahi. Vidole viwili tu, na kila herufi naitafuta kama mtu aliyeangusha ufunguo kwenye majani. Ile suri ya kusogeza mshale ndiyo usiseme, ilikuwa inanikimbia mezani mbele ya watu.

Aliyekuwa anajua ni mwandishi wangu, jina lake Salama. Mama wa watoto watatu, mume wake alipotea mwanzoni mwa vita, na mpaka leo hakuna wa kumwambia kama ni mjane au si mjane. Huyo mwanamke alikuwa anapiga klavie huku anaongea na wewe, anakuuliza hali ya mgonjwa wako, na barua inatoka safi, Kifaransa chake kimenyooka. Watu walikuwa wakiingia dukani kwangu, kwangu mimi, wananitazama usoni wanauliza, "Salama yuko?" Nikisema ameenda kuswali, wanasema, "Basi tutarudi." Mi nimekaa pale na shati langu limepigwa pasi, nimekuwa kama kiti.

Iliniuma jamani! Mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi, nimepata mfanyakazi. Mi nikatafuta dawa ya kutomhitaji.

Dawa nikaletewa na binamu yangu anayesafiri Dubai. Glavu! Glavu nyeusi ya kompyuta, ina waya mrefu na kinara kidogo cha kuweka mezani. Unaivaa mkono wa kulia, unanyoosha mkono hewani, na mshale kwenye kioo unafuata mkono wako. Ukikunja kidole cha shahada, umebonyeza. Ukikunja ngumi, umekamata kitu, na ukifungua ngumi, umekiachia. Binamu akaniambia, "Huko wenzetu suri na klavie wanatupa. Miaka miwili tu, utaona." Nikamwamini, kwa sababu alikuwa ananiambia ninachotaka kusikia.

Herufi nazo zilichorwa kwenye kioo, unazigusa moja moja kutoka mbali. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa mistari mitano. Ilinichukua asubuhi nzima, na bega likaniuma wiki nzima. Salama aliniangalia, akasema kwa upole, "Patroni, hii kitu itakuvunja bega bure. Kuja nikufundishe klavie, mwezi moja tu utajua."

"We unifundishe mi?" nikamjibu.

Ndiyo, ndivyo nilivyomjibu. Sasa hivi ningelipia kwa machozi huo mwezi mmoja.

Meza yangu ilikuwa dirishani. Siku moja askari wa doria akaniona toka barabarani, napunga mkono, nakunja ngumi, nanyoosha kidole kuelekea milimani. Na huko milimani ndiko waasi walikokuwa, wakitupa mabomu juu ya mtaa wa Kinanira! Akaingia na bunduki yake.

"Unaita nani?"

"Siite mutu, afande. Niko naandika."

"Unaandika kwa hewa?"

"Ndiyo, afande. Kwa hewa."

Akataka nimwandikie jina lake aone. Nimefika herufi ya tatu, akachoka, akaenda zake. Salama alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa, na mi nikamnunia siku mbili. Hata onyo lile halikunitosha.

Sasa nifike kwenyewe. Kulikuwa na mteja wetu, Mzee Ramazani wa mtaa wa Buyenzi, fundi wa magari. Wakati wa ambargo, majirani wametufungia mipaka, spea haziingii nchini, yeye ndiye alikuwa anafufua magari ya mji huu kwa mabati, raba za viatu na akili yake. Macho yalipoanza kufunikwa na mtoto wa jicho akaacha gereji, akasema elimu ile isife naye. Miezi minne alikuwa anakuja kila siku baada ya adhuhuri, anakaa kwenye benchi, anamsomea Salama kutoka kichwani, na Salama anapiga klavie. Kitabu kizima, kwa Kiswahili chetu, namna ya kutengeneza gari lisilo na spea. Kilibaki sura moja ya mwisho.

Wiki hiyo hiyo nilipata habari kwamba mkubwa mmoja wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, mwenye gari na dereva, anataka kunipa kazi zote za uandishi za ofisi yake. Nikaona ndiyo saa ya glavu. Nikamwalika aje aone. Nikaalika na majirani wa maduka, ili nisifiwe na wengi. Disketi za Salama nikazichukua zote, nikazifuta, nikaweka picha za maua za kupamba onyesho. Hata sikumwuliza mle ndani kuna nini. Kumbe ndimo ilimokuwa nakala ya pili ya kitabu.

Siku ya onyesho Salama alikwenda kuswali adhuhuri, na Mzee Ramazani alikuwa amekaa kwenye benchi lake anamsubiri. Mkubwa akachelewa, nikaanza bila yeye. Mchezo niliouandaa ulikuwa huu: nakamata dosie tupu, yaani faili lisilo na kitu, kwenye kioo kwa ngumi, naitupa kwenye kapu la taka la kompyuta, halafu nakunja ngumi tena na kapu linamwagwa, hakuna kurudi. Nimenyoosha mkono tayari, nasogea kwenye ile dosie tupu, mlango ukafunguliwa. Mkubwa kaingia!

Sasa niambieni, mngefanya nini? Hapa kwetu mtu akiingia unampa mkono, na mkono wenyewe ni wa kulia. Wa kushoto ni tusi. Na miaka ile, kumnyima mtu mkono kulikuwa na maana nyingine kabisa. Angerudi Kiriri anajiuliza nimesikia nini juu yake, au mi ni wa upande gani. Kuvua glavu ni kazi ya dakika, ina mikanda. Nikampa mkono nayo.

Na salamu zetu mnazijua, si za kugusa na kuachia. Kanishika, nimemshika, mkono wa kushoto nimeuweka juu ya ule wa kulia kwa heshima, tunatikisa. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Watoto? Wazima. Mama? Anaendelea. Usalama kule juu? Tunashukuru. Wakati wote huo nilikuwa nimekunja ngumi kwenye mkono wa mkubwa, natikisa juu chini, na macho yangu yako usoni mwake, maana kutazama kando unaposalimiwa ni utovu wa adabu. Nyuma ya mgongo wangu mshale ulikuwa unafanya kazi yake.

Aliponiachia nikageuka. Nikaona kapu la taka limejaa. Nikajisemea, kumbe imeshaingia yenyewe, kitu chema hiki! Nikainua mkono juu kama imamu anayetaka kuomba dua, nikakunja ngumi. Kapu likamwagwa.

Watu wakapiga makofi. Mzee Ramazani, asiyeona vizuri, naye akapiga makofi. Yarabi, yale makofi yake bado nayasikia.

Salama akarudi, akakaa, akafungua mashine. "Patroni, dosie ya Mzee iko wapi?"

Dosie yangu tupu ilikuwa bado iko pale pale ilipokuwa. Pembeni yake, palipokuwa na kitabu, hapakuwa na kitu. Mkubwa yuko, majirani wako, Mzee amegeuza sikio.

Nikasema, "Dada Salama ndiye alikaa mwisho kwenye hii mashine." Halafu nikaongeza, "Wanawake na mashine, Mzee, tufanye nini." Mkubwa akacheka. Nilifurahi kwamba amecheka! Andikeni hilo kwenye hesabu yangu siku ya Kiyama.

Salama akasema, "Mzee, mi sikufuta."

"Nani basi?" Mzee akauliza.

Hakunitaja. Alitazama mkono wangu uliokuwa bado na glavu, halafu akanitazama mi, akangoja. Alinipa nafasi, mbele ya wote. Mi nikajikuna sikio, na mshale kwenye kioo ukaanza kukimbia huku na huku.

Nilimfukuza siku ile ile, mbele ya Mzee, ili Mzee aone nimechukua hatua. Mzee alishika fimbo yake, akaomba mtu amvushe barabara.

Mkubwa wa Kiriri kazi hakunipa. Alisema kama kitabu cha mzee wa watu kinapotea hapa, karatasi za ofisi je? Wateja wakaendelea kuja, "Salama yuko?" Nikisema hayuko, safari hii hawasemi watarudi. Leo sekretaria yangu ni fotokopi tu, na glavu iko kwenye droo, haikuwahi kumaliza barua ya pili.

Haya yote nilikuwa nayabeba, nala, nalala. Kilichonivunja ni matanga ya jirani kule Buyenzi. Salama alipita mbele ya wazee akatoa salamu, "Assalamu alaykum, Mzee Ramazani." Mzee haoni, lakini sauti aliijua. Akageuza uso, hakuitikia. Salamu ya Kiislamu, jamani, hakuitikia! Mara ya pili Salama akarudia, Mzee bado amegeuza uso. Wanawake wakanong'onezana, ndiye huyo aliyepoteza kitabu. Hakuna sekretaria iliyomchukua tena. Na kitabu hakipo, Mzee alikataa kuanza upya, alisema nguvu zimekwisha.

Ndiyo nikaamua kuungama gazetini, kwenye zile barua za maungamo mnazozisoma hapa. Na kwa kuwa mwandiko wangu hausomeki, na klavie mpaka leo siijui, ilinibidi nitafute mwandishi. Salama sasa ana meza yake nje ya ofisi ya komini, ya utawala wa mtaa, na mashine ya zamani ya chuma, ile ya kugonga kwa nguvu. Nilikwenda leo mchana, nikasimama kwenye foleni, zamu yangu ikafika. Akasema, "Niandike nini?" Nikaanza: kosa ni langu.

Aligonga yote bila kuinua uso. Mahali pamoja tu alisimama. Nilikuwa nimesema, "Nikasema Salama ndiye alikaa mwisho," nikataka kupita. Akasema, "Apana. Ile ya wanawake na mashine umeiacha." Nikairudia, akaiandika. Baadaye nikasema, "Dada, nisamehe."

Akauliza, "Hiyo niandike, ao unaniambia mi?"

Nikamwambia nakuambia wewe. Akauliza tena, "Jina lako niweke chini?"

"Apana, dada. Hizi barua zinapelekwa gazetini bila jina."

Akaichomoa karatasi kwenye mashine, akanipa. "Mi ulinitaja na jina," akasema. Halafu akamwita mwanamke aliyekuwa nyuma yangu.

Mistari kuanzia pale nilipoamua kuungama naiandika mwenyewe, kwa kalamu, nimekaa kwenye ngazi za komini. Mtanisamehe mwandiko. Nilikuwa nimeandaa onyo refu la kumalizia, juu ya majivuno, juu ya mashine ngeni, juu ya kudharau anayetaka kukufundisha. Nimeliacha. Nawaambia moja tu. We uliyemsingizia mwenzako, usianze na gazeti kama mi. Gazetini hakuna anayekujua, utalia vizuri na hakuna kitakachobadilika. Nenda kwa wale wale waliosikia uongo wako, sema mbele yao, na useme ni wewe.

Mzee Ramazani hukaa nje ya nyumba yake baada ya alasiri, na wazee wenzake wanakuwepo. Adhana ya alasiri inaadhiniwa sasa. Nikitoka msikitini nakwenda Buyenzi.