Mfumo Mpya Kabla ya Khitma

Nafundisha watoto Qurani kwa simu. Wageni wakinisikia nasema hivyo hucheka kidogo, lakini hapa Kismayo hakuna Mbajuni anayecheka, maana kila nyumba yetu ina mjukuu aliyeko Ulaya na bibi anayetaka kujua kama mjukuu huyo anaijua Alhamdu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani kisiwani kwetu, Koyama. Vita vilipotutawanya, wanafunzi wake nao walitawanyika: wengine Mombasa, wengine kambini Kenya, wengine katika miji ambayo yeye hakuweza hata kuyatamka majina yake. Miaka ya mwisho ya uhai wake alinifundisha kufundisha, na alipofariki watoto wa wanafunzi wake wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja, kupitia kioo cha simu yangu.

Mmoja wao ni binti wa mdogo wangu wa kiume. Amezaliwa huko huko kwenye baridi, na Koyama hajaikanyaga. Alianza nami akiwa hajang'oka jino la utotoni, anasoma alifu na be huku anatafuna mkate. Mwaka ninaousimulia alikuwa amefika sura fupi za mwisho wa msahafu. Tukakubaliana kwamba khitma yake, yaani sherehe ya kuhitimu msahafu, itakuwa Ijumaa fulani baada ya sala: yeye kwao, mimi Kismayo, jamaa wa Mombasa na wa kambini wakiwa kwenye simu hiyo hiyo, na mama yangu aje kutoka Koyama akae kando yangu. Mama alikubali kabla sijamaliza kusema. Hakuwa amehudhuria khitma ya mjukuu tangu baba atutoke.

Ndipo ile programu tunayoitumia kupigiana simu za video ikaniandikia onyo juu ya kioo. Ilisema kwamba haitafanya kazi tena kwenye simu zenye mfumo wa zamani, ikataja na tarehe. Nikaihesabu mara mbili. Tarehe hiyo ilikuwa inatangulia khitma.

Simu yenyewe ilikuwa imenidai apdeti kwa muda mrefu. Kila ilipouliza, nilibonyeza "Baadaye", kama watu wote ninaowajua. Sikuwa mvivu, nilikuwa naogopa. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya baba. Alikuwa amenirekodia visomo vyake akiwa mgonjwa, sura baada ya sura, ili nisikie wapi pa kuvuta na wapi pa kusimama. Katikati ya visomo mnasikika kikohozi chake, kuku wa jirani, na mara nyingine yeye mwenyewe ananiambia, "Hapo ulikosea jana, sikiliza tena." Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na sauti ile.

Nilimwambia kaka yangu mkubwa, ambaye huuza samaki na barafu karibu na bandari. Alinisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, kisha akakataa kwa kichwa kabla hajakataa kwa mdomo.

"Simu inayofanya kazi haiguswi," alisema. "Yangu ile ya kwanza ilikufa vipi? Apdeti! Niliibonyeza nikiwa Ras Kamboni, ikawaka nembo, ikabaki na nembo mpaka leo."

"Ilikuwa na chaji kiasi gani?"

"Nitajuaje? Ilikuwa inawaka."

"Na mtandao?"

"Mtandao wa Ras Kamboni unaujua. Unakuja na kwenda."

"Ilipokwama ulifanya nini?"

Alinitazama kama mimi ni polisi ninayemhoji. "Niliizima, nikaiwasha. Nikaizima tena. Ungefanya nini wewe?"

Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno yake njia nzima, na kadiri nilivyoyarudia ndivyo hofu ilivyonipungua. Nilikuwa nimekwenda kwake nikiamini apdeti huua simu. Nikarudi nikiamini kwamba kaka yangu alianza safari bila chaji, bila mtandao, kisha akamkaba shingo nahodha katikati ya mkondo. Hayo yote mimi ningeweza kuyaepuka.

Kulikuwa na mwalimu mwenzangu Mombasa, mwanamke tuliyekua naye mtaa mmoja wakati wa ukimbizi, mwenye simu ya aina moja na yangu. Nilimpigia nikamuuliza kama yeye ameshabadilisha mfumo.

"Zamani," alisema. "Siku za mwanzo betri ilikuwa inaisha mbio mpaka nikajuta. Halafu ikatulia. Kitu kilichonisumbua ni kwamba iliniuliza neno la siri la akaunti, nami nilikuwa nimelisahau. Wewe lijue lako kwanza."

Basi nikajua pia kwamba sifai kungoja mpaka mkesha wa khitma. Kama kungekuwa na siku za mwanzo za taabu, afadhali zipite kabla ya Ijumaa ile. Nikachagua wiki iliyotangulia.

Lakini kwanza nilipita kwa fundi simu wa sokoni, kijana wa Kisomali mwenye adabu, ambaye aliwahi kunibadilishia tundu la chaji. Nilitaka anisaidie kunakili sauti. Aliigeuza simu mkononi akaniita shangazi kwa lugha yake, "Eeddo, kwa nini uhangaike? Iache hapa mpaka alasiri. Nitakuwekea mfumo mpya kabisa kutoka kompyuta yangu, mpya kuliko hata ule ambao kampuni inaipa simu hii."

"Kama kampuni haiipi simu hii mfumo huo, wewe umeupata wapi?"

"Watu wanautengeneza, wanauweka mtandaoni."

"Na vilivyomo ndani vitabaki?"

Alikuwa mkweli, Mungu amlipe. "Vingi hufutika," alisema. "Programu za benki nazo mara nyingine hukataa."

Nikamshukuru, nikanunua kwake memori kadi, nikachukua simu yangu. Kama kuna apdeti nitakayoiruhusu, niliazimia, itatoka ndani ya mipangilio ya simu yenyewe, ile ambayo watengenezaji waliikusudia kwa simu ya aina yangu. Nilipofika nyumbani niliingia humo na kuisoma taarifa yote, hata yale maandishi madogo. Ilisema apdeti ipo, ikataja ukubwa wake, ikasema simu haina nafasi ya kutosha. Kama ningebonyeza tu kama kaka yangu, ningeanza na hilo.

Kazi ya kusafisha ilinichukua asubuhi nzima. Nilifuta video za harusi ambazo kila mtu alinitumia, picha za "Ijumaa Karim" zenye maua, na programu moja ya kupima kibla ambayo sikuwahi kuielewa. Sauti za baba nilizinakili kwenye memori kadi, kisha nikamtumia mdogo wangu Ulaya nakala nyingine azihifadhi kwenye kompyuta yake. Mazungumzo yangu na wanafunzi niliyahifadhi kwenye akaunti. Neno la siri nililijaribu, likakubali.

Kisha nikafanya jambo ambalo naona ndilo lililonipa usingizi. Niliitoa ile memori kadi, nikaenda nayo bandarini, nikamkuta kaka anashona wavu, nikamwambia aiingize kwenye simu yake.

"Ya nini?"

"Weka tu."

Akaweka, akagusa faili la kwanza, na katikati ya makelele ya wauza samaki baba akasoma Yasin. Kaka yangu aliiacha sindano ya kushonea nyavu ikaanguka. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu mazishi. Mimi nilidhani haitaki, yeye alidhani mimi sitaki kumpa. Tulisimama pale mpaka aya ya mwisho. Alipoirudisha kadi alisema, "Sasa fanya utakalo. Lakini nitakuja kukutazama."

Mama alifika kutoka Koyama siku niliyoichagua kwa ajili ya apdeti, na kaka akaja naye. Nilikuwa nimekwenda kwa jirani aliye na waifai nzuri, mwanamke mwenye duka la vitambaa, naye akatufungulia sebule yake. Simu ilikuwa imejaa chaji, na nilikuwa na pawabenki kando, kwa sababu umeme wa mtaa ule hukatika bila kuaga. Nilianza kwa kupakua. Nilikuwa nimesoma kwamba kupakua na kusimika ni mambo mawili, na kwamba mtandao ukikatika wakati wa kupakua simu haidhuriki, huendelea pale ilipoachia. Kweli umeme ulikatika katikati, waifai ikazimika nao, na kaka akashika kichwa. Mimi nilikunywa chai. Umeme uliporudi, upakuaji nao ukaendelea.

Ilipomaliza, iliniuliza kama isimike sasa. Mama aliinama akatazama kioo, ingawa macho yake hayasomi tena.

"Sauti ya mchu wangu imo humu?" aliuliza, akimkusudia baba, mtu wake.

"Imo humu, imo kwenye kadi, imo Ulaya. Mama, ikipotea hapa, haijapotea."

"Basi bonyeza. Mtoto asikose khitma yake."

Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Simu ikazimika. Ikawaka nembo. Ukaja mstari mwembamba ukijaa polepole, kisha ukasimama. Ulisimama kwa muda ambao hata leo siwezi kusema ni mrefu au mfupi. Kaka alikaa, akasimama, akakaa.

"Ni vile vile," alisema. "Hivi ndivyo yangu ilivyofanya. Izime uiwashe."

"Siigusi."

"Imekufa, dada! Nembo ndiyo hiyo hiyo!"

"Ina chaji, kaka. Imeandika tusiizime. Acha ifanye kazi yake."

Mikono niliikalia, kweli kabisa niliikalia, kama mtoto aliyekatazwa kushika. Mama alikuwa anasoma dua chini kwa chini. Mara kioo kikawa cheusi, hata nembo ikapotea, na kaka akasema innalillahi. Nami, sitaficha, nilianza kumwamini. Halafu simu ikatetemeka juu ya meza. Nembo ikarudi, ikaandika kwamba inapanga programu, na baada ya hapo, juu ya picha ya mandhari ambayo sikuwahi kuiona, saa ikatokea na chini yake neno moja: Karibu.

Nilipiga kigelegele. Mwenye nyumba alitoka jikoni akidhani kuna posa. Kaka aliinyakua simu akaigeuza huku na huku kama amenunua mwenyewe, na kabla sijamzuia alikuwa ameshafika kwenye faili za sauti. Baba alikohoa, kuku wa Koyama akalia, na mama akacheka kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kwa miaka. "Kuku yule alikuwa wangu," alisema. "Tulimla Idi."

Programu ya video iliniomba namba za siri za kuthibitisha, zikaja kwa ujumbe kwenye laini yangu, nikaziingiza. Nikampigia mdogo wangu papo hapo. Binti yake akatokea kiooni na sare ya shule, akasema, "Shangazi, unaonekana vizuri leo. Umehamia nyumba nyingine?" Betri iliisha mbio siku mbili tatu, kama nilivyoambiwa, kisha ikatulia. Nami nilikuwa na muda wa kuizoea alama ya kunyamazisha sauti, ambayo walikuwa wameihamisha upande mwingine.

Ijumaa ile baada ya sala tulijaa. Kulikuwa na vichwa vya watu Mombasa vimebanana mbele ya simu moja, wajomba kambini ambao picha yao ilikuwa inaganda lakini sauti inapita, na mdogo wangu amevaa kanzu nyumbani kwake huku nje kunanyesha. Binti alikaa katikati, ushungi mweupe, msahafu kwenye rehali ambayo baba yake alimchongea mwenyewe. Alisoma Ikhlas, akasoma Falaq, na kwenye Nas alivuta pale hasa ambapo babu yake alikuwa akivuta. Mama aliniangukia begani. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule pale isipokuwa zile rekodi, ambazo baba yake, tangu nimtumie nakala, alimwekea azisikilize akienda shule.

Dua ikaombwa Mombasa, amina zikaja kutoka kila upande, zikigongana. Halua ilikuwapo mezani kwangu na mezani kwao, kila mtu akala ya kwake.

Kelele zilipotulia kidogo, binti alisogea karibu na kamera mpaka nikaona pua yake tu.

"Shangazi, sasa nimemaliza. Tunafanya nini?"

"Fungua mwanzo," nilimwambia. "Soma Alhamdu, bibi yako anakusikia."

Akafungua, akasoma.