Hodi Mzingani

Muuza duka amefungua kopo la dawa ya wadudu, na harufu ile kali imenirudisha shambani kwetu, kwenye maharage yaliyochanua. Baba alikuwa amenyunyizia asubuhi, nyuki wakiwa juu ya maua. Mchana tuliwakuta wamezagaa chini ya mzinga, wepesi kama makapi ya ulezi.

Bibi hakumgombeza. Alibandika sikio kwenye gome la mzinga, akagonga kwa kidole.

"Hodi humu!"

Kimya. Baba akavua kofia.

Bibi akagonga tena, kisha akanivuta nisikilize na mimi. Ndani, kwa mbali, kulikuwa na mvumo.

"Wapo!" nilisema, na baba akaketi palepale kwenye tuta.

"Kuanzia leo utanyunyizia jioni, mwanangu," bibi alimwambia, "wenye maua wakishalala."