Niliulizwa "ulihisi nini?" kwa interview ya unesi Bungoma, nikajibu na leso ya kukhu

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi wala kupunguza.

Mimi ni nesi. Contract yangu ya hapa ilikuwa inaisha, kwa hivyo interview ya hospitali moja huko Bungoma ndiyo ilikuwa unga wa nyumba yangu. Nikasoma dozi zote, nikazirudia, maana mimi sihesabu kitu mara moja.

Kufika, matron wa panel ananiuliza: "Tuambie kuhusu mgonjwa aliyekataa matibabu. Ulihisi nini?"

Nilihisi nini? Si mgonjwa ndiye huhisi?

Basi nikawaambia ukweli. Kukhu mmoja, yaani nyanya, wa mtaa wa Kipsongo hapa Kitale, muuza kuku, alikuja na malaria kali. Nikamwambia atalazwa.

"Na kuku zangu atazifungia nani, mjukuu? Wewe?"

Nikamtisha na ugonjwa. Wapi! Nikaona hii sasa ni maneno ya soko. Tukapatana: adungwe sindano ya kwanza, aende afungie kuku, arudi. Na aniachie leso yake mpya ya kujifunga kama rehani.

Alirudi kabla ya jua kuzama. Hata hakuuliza kitanda, aliuliza leso.

Mzee mmoja wa panel akacheka mpaka akavua miwani. Matron hakucheka.

"Kwa hivyo uliachilia mgonjwa wa malaria kali, ukabaki na leso?"

"Angeenda tu, madam. Afadhali aende akiwa na sababu ya kurudi."

"Na kama angeanguka njiani?"

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nikasema leo ningetafuta jirani afungie kuku, kukhu abaki. Akaandika kitu, akaniambia naweza kwenda. Nikatoka bila kujua kama nimeuza ama nimeuziwa.

Kazi nilipata.

Siku ya kwanza wodini, matron akanijia na uso uleule: "Mzee wa kitanda cha dirishani amekataa kupasuliwa. Enda uongee naye. Na usichukue kofia yake."

Mpaka leo sielewi. Nilipita kwa sababu ya leso, ama kwa sababu nilikubali pale nilikosea? Kitu nimeshika ni hiki: wakikuuliza kuhusu mgonjwa, wapelekee mgonjwa wa kweli. Yule wa kwa notes hana kuku.

Mliowahi kukaa kwa panel, huwa mnatafuta nini hasa? Niambieni polepole, ati sisi wengine bado tunashangaa.