Fundi wa fimbo nyeupe aliyezing'oa ncha zake mwenyewe

Saa mbili asubuhi, mlango wa chumba cha ushonaji uko wazi nusu. Kabla mgeni hajapiga hodi, mwanamke aliyeketi nyuma ya meza ndogo anamwahi: "Karibu. Kiungo cha chini kimelegea, siyo? Naisikia fimbo yako inavyolalamika tangu kwenye ngazi."

Mgeni anacheka. Ni mpiga kinanda wa kwaya, haoni tangu utotoni, na fimbo yake nyeupe ya kukunja inacheza kila inapogusa sakafu. Anaikabidhi, anapapasa benchi kando ya ukuta, anakaa.

Hapo alipokaa, amekaa. Kiatu unaweza kukiacha kwa fundi ukakipitia jioni, lakini asiyeona hawezi kuiacha fimbo yake halafu akaendelea na safari. Lazima asubiri, na anayesubiri huongea. Nani kapata kazi ya kupokea simu hospitalini, mashine ya benki gani imekata sauti, kondakta gani ana mikono ya kusukuma watu, nani kafiwa na mazishi ni lini. Fundi husikiliza huku vidole vikifanya kazi, na kila Ijumaa mchana huyarekodi yote kwenye simu na kuwatumia wateja wake. Wenyewe wameipa jina: Redio Benchi.

Yeye wanamwita Mama Ncha. Ncha ni kile kipande cha mwisho cha fimbo, kinachogusa ardhi na kumweleza mwenye fimbo yaliyoko mbele. Ana uoni hafifu. Anauona mwanga wa dirisha, anatambua kuwa kuna mtu mlangoni, lakini sura ya mtu hajaiona sawasawa tangu akiwa msichana.

Kazi hii hakusomea popote. Aliolewa, akaja na fimbo yake, na mpira unaoshikilia vipande vya fimbo pamoja ukamkatikia katikati ya kufua. Wifi yake, dada wa mumewe, ni mshonaji. Akachomoa mpira wa kiunoni kwenye sketi aliyokuwa akiirekebisha, wakaupitisha ndani ya vipande kwa kutumia waya, wakafunga fundo.

"Fimbo ikasimama wima, sketi ya watu ikabaki haina mpira," anasema wifi kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa. "Mwenye sketi alivyokuja, nilimwambia aifunge na mkanda, ndiyo mtindo."

"Na akakubali," anadakia Mama Ncha.

"Akakubali nini! Mpaka leo akiniona anavuka barabara."

Tangu hapo chumba kimegawanywa nusu kwa nusu. Upande wa dirisha ni wa cherehani na vitambaa. Upande wa giza, ambao mwenyewe anasema haumkoseshi kitu, ni wa Mama Ncha: koleo, waya, makopo ya vipuri, na ndoo iliyojaa fimbo zilizovunjika. Kubadilisha mpira ni bei ya mikate miwili. Asiye nayo hutengenezewa pia, wifi akiguna tu, kisha akimtilia chai.

Miaka miwili iliyopita, fimbo zilianza kuingia zikiwa na ugonjwa mmoja. Ncha zilikuwa zimenyofoka kama zilizong'atwa. Mama Ncha akawa anauliza kila mtu amepitia wapi, na jibu likawa lile lile: barabara ya kliniki ya macho.

Manispaa ilikuwa imejenga mifereji mipya kando ya barabara hiyo na kuifunika kwa vifuniko vya chuma vyenye mianya mirefu. Mianya ile ililala kuelekea mtu anakokwenda. Ncha za fimbo zinazogawiwa na kliniki ni nyembamba, unene wa kalamu, na mwanya ulikuwa saizi yake hasa. Fimbo ikizama inakwama ghafla, mpini unampiga mwenyewe tumboni, na aliye na haraka anaanguka.

Watu walilalamika, na Redio Benchi ikalalamika kwa niaba yao. Lakini fundi ni fundi, akiona kitu kibovu mikono inamwasha. Mama Ncha akaokota magurudumu ya masanduku ya safari yaliyotupwa, akayatoboa, akayapachika kwenye fimbo. Ncha nene zikazaliwa. Ziliteleza juu ya mianya kana kwamba haipo.

Wateja walifurika. Hata wifi, ambaye kumsifia mtu humgharimu, alikiri kwamba safari hii ameweza.

"Nilivimba kichwa," anasema Mama Ncha, na hapa sauti yake inashuka. "Ijumaa moja nikatangaza kwa furaha, jamani, tatizo la barabara ya kliniki limekwisha. Nikasema hivyo hivyo kwa mdomo wangu. Limekwisha."

Halikuwa limekwisha kwa mtu ambaye hakuwa na ncha nene. Wiki chache baadaye mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke aliyefundisha hesabu hadi nywele zikawa nyeupe, alipewa fimbo yake ya kwanza pale kliniki. Presha ya macho ilikuwa imemla jicho moja na kubakiza kipande cha jingine. Alitoka getini akiwa peke yake, akijivunia kwamba hakushikwa mkono. Hakufika mbali. Ncha ilizama, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Mkono ulipona. Mwalimu hakutoka tena. Miadi ya kliniki ikapita, na ya pili, huku ile presha ikiendelea kufanya kazi yake ndani ya jicho lililobaki. Watoto wake wako mbali, na jirani aliyejitolea kumpeleka alifukuzwa kwa adabu. Mwalimu alisema hakuwahi kuwa mzigo wa mtu na hataanzia uzeeni.

Habari zilifika kwenye benchi. Mama Ncha akachagua ncha nene nzuri kuliko zote, akaisafisha, akaenda nayo nyumbani kwa mwalimu.

"Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri. Nikamweleza. Akaishika ile ncha, akaizungusha zungusha, akanirudishia," anasimulia. "Akaniambia, mwanangu, asante. Hii ni dawa ya fimbo, na fimbo yangu haiumwi. Kinachoumwa ni barabara. Kesho atakuja mwingine ambaye hakujui wewe, naye ataanguka hapo hapo."

Mama Ncha alirudi nyumbani hakula. Kesho yake alikwenda manispaa.

Mhandisi aliyempokea ni kijana mpole, na hakumzungusha. Alimwambia ukweli kama ulivyo: malalamiko ya barabara ile yalikuwepo, yakasimama ghafla. Ofisa mmoja pale ofisini husikiliza Redio Benchi, na alileta taarifa kwamba watumiaji wenyewe wametangaza tatizo limekwisha. Fedha zikahamishiwa mtaa mwingine, ambako watu bado walikuwa wanapiga kelele.

"Mama, ningejuaje?" alimuuliza.

"Nilitoka pale nimeishika fimbo yangu kama nimeiba. Aliyewanyamazisha watu ni mimi. Kwa ufundi wangu na kwa mdomo wangu," anasema Mama Ncha.

Wengi wetu hapo tungeomba radhi na kwenda nyumbani. Mama Ncha alirudi kwenye benchi na kuomba jambo ambalo lilizua ugomvi usiowahi kutokea katika chumba kile. Aliwataka wateja wake warudi, wang'olewe ncha nene, wawekewe zile nyembamba, na siku moja waitembee barabara ya kliniki mbele ya mhandisi.

Mpiga kinanda ndiye aliyewaka zaidi. "Unataka tuvunjike ili wao waone? Mimi nalisha watoto kwa mikono hii! Mwaka mzima napita pale salama, leo unirudishe shimoni?"

"Sikurudishi shimoni. Nakuomba ulionyeshe."

"Na nikianguka?"

"Kila mtu atakuwa na mwenzie anayeona pembeni. Na mimi nitatangulia."

Mpiga kinanda aliondoka bila kuaga. Mama Ncha anakiri kwamba alilia, na wifi yake anathibitisha, akiongeza kwamba machozi yalilowesha kitambaa cha sare za shule. Siku ile ilipofika, mtu wa kwanza kwenye ngazi alikuwa mpiga kinanda, amekwishaing'oa ncha mwenyewe na kuitia mfukoni. "Umenikosesha usingizi," alisema. "Weka hiyo kalamu yako tuondoke."

Walitoka kituo cha basi wakiwa mstari mrefu, wake kwa waume, kila mmoja na msindikizaji, Mama Ncha mbele. Walitembea polepole kama bibi harusi. Fimbo ya kwanza ilikwama kabla ya duka la dawa, ya pili ikafuata, kisha zikawa zinakwama moja baada ya nyingine mpaka mstari mzima ukasimama. Pikipiki zilipiga honi. Muuza duka alitoka kuuliza kama kuna msiba.

Mhandisi alikuwepo, kama alivyoahidi. Alimkimbilia mpiga kinanda, akashika fimbo yake ili kuinasua, akaivuta kwa nguvu za ujana. Ncha ikakatikia mkononi mwake.

"Samahani, mzee wangu, nimeivunja!"

"Usihofu," mpiga kinanda akamjibu. "Fundi yuko hapo mbele, naye amekwama."

Barabara nzima ilicheka, hata waliokuwa wanapiga honi. Mhandisi naye alicheka, kisha akachuchumaa. Alipima kifuniko kwa kiganja, upande huu na upande ule, akapima tena. Vifuniko vya barabara ile vilikuwa mraba. Havikuhitaji kununuliwa vipya. Vilihitaji kunyanyuliwa na kugeuzwa, mianya ikalala kukata njia badala ya kuifuata.

Vibarua walivigeuza vyote kuanzia kituo cha basi hadi getini kabla mwezi haujaisha. Vya kona ya soko vilishindikana, kwa sababu ni vya mstatili na vikigeuzwa havienei. Hivyo vinasubiri kutengenezwa upya.

Mama Ncha alirudi kwa mwalimu, safari hii mikono mitupu. Hakumshawishi. Alimwambia tu kwamba barabara imetibiwa, na kama anataka kuikagua, yeye atakuwa nyuma yake, hatamgusa.

Mwalimu aliomba viatu vyake.

Walikwenda na fimbo ile ile ya kliniki, ncha ile ile nyembamba. Mama Ncha anasema alikuwa akisikiliza ncha ya mwalimu ikigonga chuma. Iligonga, ikapita. Getini mwalimu alisimama, akageuka, akasema kwa sauti ya darasani: "Vizuri. Marekebisho yamekubalika."

Habari ya daktari haikuwa tamu yote. Presha imeteremshwa kwa dawa, jicho limeokolewa, lakini kipande kidogo kilichopotea katika miezi ile ya kujifungia hakitarudi. Mwalimu alilipokea hilo kwa utulivu. Mama Ncha hajalipokea hadi leo.

"Ananiambia nisijilaumu. Sawa, ni mtu mzima, namheshimu. Lakini kile kipande najua kilikwenda wapi," anasema, akifuta meza ambayo tayari ni safi.

Namuuliza kama sasa ameacha kutengeneza ncha nene. Ananishangaa. Mjini kuna barabara nyingi mbovu na watu wanatakiwa kufika kazini, hivyo anazitengeneza kila siku. Kilichobadilika ni Redio Benchi. Kila anapomfungia mtu ncha nene, Ijumaa hutangaza ni barabara gani iliyomlazimisha, na anaendelea kuitaja wiki hadi wiki, hata kama hakuna aliyeanguka. Ofisa wa manispaa bado anasikiliza. Mama Ncha anasema anatumaini anasikia kichefuchefu.

Mpango wake ni kona ya soko, kisha mtaa wa benki. Anatamani pia kumpata kijana mwenye uoni hafifu wa kumfundisha ufundi huu, kwa sharti moja, kwamba awe na mdomo.

Mchana tunafunga mlango na kuongozana kuelekea sokoni, yeye, wifi yake na mimi. Njiani nagundua kwamba fimbo yake mwenyewe, fimbo ya fundi, ina ncha nyembamba ya kliniki. Nashindwa kujizuia, namuuliza kwa nini ajitese na ncha nene ziko tele kwenye makopo yake.

"Nikiteleza juu nitasahau," ananijibu. "Najijua."

Kwenye kona, fimbo inazama kwenye mwanya na kusimama wima. Nanyoosha mkono kuinasua, wifi ananipiga kiganjani: "Iache!" Watu wanaanza kutupita pembeni, mmoja akisonya. Mama Ncha hajali. Anaegemea mpini, anatoa simu, anaiambia nani wa kumpigia.

"Mhandisi? Marahaba, baba, marahaba. Ndiyo, ni mimi tena. Nimekwama kona ya soko." Anasikiliza kidogo, anatabasamu. "Hapana, sijaumia. Hapana, sina haraka. Nakusubiri hapa hapa."