Mbarawa wa Kibokoni

Asubuhi ile mume wangu Nuru alikuwa ameketi barazani kwetu Kibokoni, mguu wa Bi Fatuma umewekwa juu ya kipande cha ngozi, naye anauzungushia chaki. Bi Fatuma alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro. Alipofungua dirisha lake na sisi letu, tuliweza kupokezana sahani bila mtu kutoka nje. Alitaka makubadhi ya kuvaa harusini kwa mpwawe. Alikuwa akicheka, maana Nuru alikuwa amemwambia avute chiti akae vizuri.

"Chiti!" akarudia Bi Fatuma. "Hebu sema na chitabu, baba, nicheke nende zangu."

Nuru akasema, akacheka naye. Alikuwa Mbarawa, mzaliwa wa Barawa, katika pwani ya Somalia, na kwao *ki* husemwa *chi*. Alikuja Mombasa kijana, akafunzwa kushona viatu, akabaki. Kakangu Salimu ndiye aliyemleta nyumbani. Walikuwa wakisali msikiti mmoja, na siku moja Salimu akamwambia baba kwamba yuko fundi mmoja hana makuu, swala hazimpiti, na anamposa Mwanaidi. Mwanaidi ni mimi.

Barawa wakati huo ilitawaliwa na Mtaliani. Sote tulilijua jambo hilo, wala hapakuwa na mtu aliyeligeuzia shingo.

Kisha Mtaliani akaingia vitani upande wa Mjerumani, na gari likaanza kupita.

Lilikuwa gari la serikali, na juu yake kipaza sauti. Vichochoro vyetu lilikuwa haliviwezi, basi lilikuwa likisimama barabarani na sauti ikatufuata ndani. Msemaji alikuwa na Kiswahili safi, mtulivu, kama anayesoma hotuba ya Ijumaa. Alisema adui yuko mpakani. Alisema ndege zake zaweza kutufikia. Halafu akasema lile lililotukaa vichwani: adui ana macho na masikio mitaani mwenu, huenda anakula nanyi, huenda anasali nanyi. Mtazameni sana aliyetoka kwa adui.

Sikumsikia hata mara moja akitaja Wabarawa. Hakuwa na haja.

Tulipaka madirisha rangi nyeusi. Mchele ukawa wa kusimama foleni. Habari zikaja kwamba Malindi imeangushiwa mabomu, na tangu siku hiyo watu wakawa wanazungumza huku wametazama juu. Athumani, mtoto pekee wa Bi Fatuma, alikuwa ameingia Keya, jeshi la Mwingereza, na kupelekwa mpaka wa kaskazini. Mamake hakupata barua. Alikaa dirishani akimwuliza kila apitaye. Mtaliani aliyemtishia mwanawe alikuwa mbali, haonekani. Nuru alikuwa mbele ya mlango wake, kutwa.

Wateja wakapungua. Wengine walirudisha viatu walivyokwisha kuvivaa. Bi Fatuma aliacha kumchekesha Nuru, kisha akaacha kumwitikia salamu.

Salimu alikuwa amefanywa mlinzi wa mtaa, ana utepe mkononi na kipenga shingoni. Alikuja alasiri moja, akakataa kukaa.

"Mwanaidi, mwambie mumeo asifanye kazi barazani."

"Afanye wapi?"

"Ndani. Na asizungumze mbele za watu. Neno lake moja tu, mtu ashajua atokako."

"Siku ulipomleta kwa baba hukumsikia alivyokuwa akizungumza?"

Alitazama chini. "Watu waogopa, mamangu."

"Na wewe, kaka?"

"Mimi natazamwa vilevile. Nyumba hii ikitajwa, natajwa na mimi."

Nuru alikuwa amesikia yote. Salimu alipoondoka, alikusanya nyundo yake, nta na nyuzi, akaingia ndani. Alifanya kazi kwenye ukumbi usio na mwangaza hadi macho yakawa mekundu.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri. Nuru alikuwa amepanda darini kuanua ngozi za mbuzi alizokuwa amezianika juani. Mimi nilikuwa jikoni.

King'ora kikalia.

Nikasikia ndege. Nikasikia watu wakikimbia kichochoroni, kisha nikasikia hawakimbii tena. Walikuwa wamesimama mlangoni kwetu.

"Yuwapunga!" Ilikuwa sauti ya Bi Fatuma. "Yuko juu, yuwaipungia ndege!"

Mlango haukuwa na komeo.

Walinipita kama sipo. Walikuwa watu ninaowajua: muuza maziwa, kijana wa duka la kona, baba wa watoto waliokuwa wakimchezesha binti yetu mchanga. Wakamshusha. Ngozi bado alikuwa amezikumbatia.

"Ni ngozi," Nuru alisema. "Ni za chiatu tu."

Mmoja akaigiza: "Chiatu! Mwamsikia?"

Wakampiga.

Mtu alichukua nyundo ya Nuru mwenyewe. Sikuona ni nani. Nilisikia mkono ukivunjika.

Kipenga kikapigwa. Salimu alikuwa mlangoni, jasho limemlowesha shati. Watu wakamgeukia, nami nikamgeukia. Alikuwa na utepe wa serikali. Alikuwa shemeji yake. Angesema huyu ni fundi viatu, wangetoka mmoja mmoja.

"Mpelekeni kituoni," akasema. "Serikali itajua."

Jioni ile tuliambiwa ndege ilikuwa ya Mwingereza.

Kituoni walimwuliza Nuru alikozaliwa, naye akasema kweli. Hilo likatosha. Nilipokwenda kumfuata, ofisa alinipa kiti na kunieleza kwa adabu kwamba mume wangu hana kosa lolote, ila serikali imechukua tahadhari. Walimpandisha gari la moshi, wakampeleka kambini bara, kwenye baridi, pamoja na wengine waliozaliwa mahali pabaya.

Binti yetu alikuwa akijifunza kutembea. Nilishona kofia, nikapika vitumbua, tukaishi.

Athumani aliuawa kaskazini. Habari zilipofika nilikwenda msibani, maana mtoto yule nilimbeba mgongoni. Wanawake walinipisha kama mwenye ndui. Bi Fatuma aliinua kichwa.

"Wenu wamemwua," akasema.

Nilikaa mkekani nikalia, kwa ajili ya Athumani, na hapakuwa na aliyenishika bega. Siku hiyo nilielewa kwamba hata nikiapa, hanisikii mtu. Mama yule alihitaji wa kumchukia aliye karibu, na gari lilikuwa limemwonyesha.

Kisha Mtaliani akashindwa, na mateka wake wakaletwa Kilindini kwa meli. Mji mzima ulikwenda kuwatazama, nami nikaenda. Nilitaka kuliona jambo lililovunja nyumba yangu. Walishuka kwa mstari, vijana wenye ndevu na nguo chafu, wengine wakiimba. Watu walicheka nao. Mmoja akawarushia sigara. "Masikini," mwanamke aliye kando yangu akasema, "watoto wa watu hawa." Muuza maziwa wetu alikuwa hapo, akiwapungia mkono.

Hao ndio waliokuwa adui. Mume wangu, ambaye hakujua neno moja la Kitaliani, bado alikuwa nyuma ya seng'enge.

Gari likapita tena. Sauti ilikuwa ile ile, tulivu vile vile. Sasa ilisema Somalia imekombolewa na watu wake ni rafiki zetu. Nilisimama barabarani hadi ikamaliza. Haikusema samahani kwa mtu yeyote.

Nuru walimwachia baadaye sana, bila maelezo. Mkono ulikuwa umeunga kombo, hauwezi sindano. Kifua kililia usiku na mchana. Majirani walileta sahani za wali, wakasema alhamdulillahi, wakasema vita ndivyo vilivyo. Muuza maziwa alimshika mkono ule ule akamwuliza hali.

"Mulikuwa mwanijua," Nuru alimwambia. "Lau ningekuwa mgeni, ningewasamehe upesi."

Hiyo ndiyo lawama pekee niliyomsikia akitoa. Aliishi mvua mbili, akafa kifua. Kichochoro chote kilifuata jeneza. Waliompiga walipokezana kulibeba, na kila mmoja alisoma dua kwa sauti. Sikuwakataza. Maiti hazikwi na watu wawili.

Bi Fatuma alikuja kukaa eda nami siku za mwanzo. Hatukuzungumza juu ya Nuru wala Athumani. Alinisugulia masufuria.

Salimu aliugua akiwa mtu mzima, mimi nimekwisha kuwa na wajukuu. Aliniita. Alikuwa amebaki mifupa.

"Mwanaidi," akasema, "siku ile nilitaka kumtoa mikononi mwao. Kituoni niliona ndiko salama."

"Waamini hivyo?"

Alilia. Kisha akaomba radhi.

Nilimshika mkono nikampa, kwa kuwa alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja na alikuwa akifa. Nilimpa radhi yangu mimi. Ya Nuru sikuwa nayo.