Mkasi Anashika Kordi

Kiwandani walimwita Mkasi, ingawa mkasi wenyewe hakuwa ameushika miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa vya sare kwa kisu cha umeme. Anatandika kitambaa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka mpaka zifike arobaini, anaweka pateni, kile kibao chenye umbo la kipande cha shati, anachora kwa chaki, kisha anapitisha kisu. Ukikosea mara moja umeharibu mashati arobaini. Mkasi hakuwa mtu wa kukosea. Kuna siku bomba la maji lilipasuka nyuma yake, wenzake wakakimbizana na ndoo, na yeye alipomaliza kukata akauliza tu kwa nini sakafu imelowa.

Watu wa namna hiyo husifiwa sana misibani. Mkewe alipofariki, miezi saba kabla ya haya ninayoyasimulia, yeye ndiye aliyepanga viti, aliyetafuta turubai, aliyewaonyesha wageni choo kilipo. Hakutoa hata chozi. Watu wazima wakatikisa vichwa wakasema huyo ndiye mwanamume. Mimi nasema walimkosea, kwa sababu mtu akishasifiwa hivyo anaanzia wapi kulia? Siku ya nne akarudi kazini. Tangu hapo alikula, akaoga, akakata mashati, akalala. Ukimuuliza habari za leo, sawa tu. Ukimuuliza mboga imekolea, sawa tu. Siku moja binti yake alipika bila chumvi makusudi, na jibu likawa lilelile.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa pekee. Kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba, Mkasi alimwita "mama" tangu akiwa kwenye nepi. Wawili hao waliishi ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, vyumba viwili na jiko la kupishana kwa ubavu. Walikuwa hawagombani. Hata kugombana kunataka maneno.

Basi Jumamosi moja akaja mama mdogo wa binti, mdogo wake marehemu, muuguzi, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa breki. Hakuimaliza hata chai.

"Shemeji, mtoto huyu anaishi na kabati," alisema. "Kabati angalau lina mlango. Shule zikifungwa nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, atamalizia masomo huko."

"Sawa tu," alisema Mkasi.

"Sawa tu nini? Hebu nisikilize. Ukiniambia kwa kinywa chako kwamba unamtaka hapa, nanyanyuka, naondoka, na sitalirudia tena. Sijaja kumnyang'anya mtu mtoto wake. Lakini useme wewe."

Mkasi alitazama meza. Alijua pale palikuwa na neno la kusema, na alijua ni neno dogo. Alilitafuta ndani yake hakuliona. Hakuona kitu chochote, si huzuni wala hasira.

"Una mwezi mzima," alisema shemeji yake, akachukua mkoba. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na amesikia yote. Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Wiki hiyohiyo habari za gitaa zikaanza. Binti alikuwa kwenye kikundi cha muziki shuleni, na alikuwa na magitaa mawili ya umeme ya kuazima shuleni: analopiga yeye, na la mwenzake aliyekuwa akimshikia kordi, zile nyuzi zinazopigwa kwa pamoja kubeba wimbo, ambaye wazazi wake walihama. Bila mtu wa kushika kordi kwenye sauti za chini, yeye kwenye sauti za juu alikuwa akipiga wimbo unaoelea.

"Baba, njoo unishikie kordi."

"Sawa tu," alisema Mkasi. Angejibu hivyohivyo kama angeombwa ashike msumari.

Binti akamkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akamwekea gitaa pajani. "Kidole cha shahada hapa, uzi mnene kabisa, chumba cha tatu, hapa katikati ya vyuma viwili. Cha pete hapa, uzi unaofuata, chumba cha tano. Nyuzi nyingine zote zinyamaze. Haya, piga."

Mkasi akapiga. Kispika kikanguruma, vikombe kabatini vikatetemeka.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Ukitaka kordi nyingine, vidole vinabaki hivyohivyo, unavisogeza juu au chini."

Hapo Mkasi akaelewa. Ilikuwa pateni moja, saizi tofauti. Kesho yake alitoka kazini na kipande cha chaki mfukoni, akaandika namba ubavuni mwa shingo ya gitaa, chumba baada ya chumba, kwa mwandiko wa kiwandani. Binti akamwacha aandike. Shuleni wangesema, lakini shuleni kulikuwa mbali.

Tatizo likawa moja. Kila akipiga, sauti ilitoka imezibwa, kama mtu anayeongea na mto mdomoni. Binti akainama, akaangalia vidole vya baba yake kwa karibu. Vilikuwa juu ya vile vyuma vinavyotenganisha vyumba, tena vimevuka kidogo, kila kimoja kwa kipimo kilekile.

"Baba, kwa nini unapanda juu ya chuma? Unabonyeza nyuma yake kidogo, humu ndani."

"Siwezi kukaa ndani ya mstari, mama. Lazima niache nafasi ya mshono."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mshono. Ukikata ndani ya mstari, shati linabana."

Binti alimkodolea macho. Kisha akaanguka kitandani na gitaa lake kifuani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba! Gitaa halivaliwi!"

Mkasi alimwangalia akicheka. Alitambua kwamba ni jambo zuri, kwamba hakulisikia humu ndani kwa miezi saba, na kwamba baba mwingine hapo angecheka naye. Akasubiri amalize. Mkono uliozoea kuvuka mstari kwa miaka ishirini na miwili ulichukua siku tatu kukubali kubaki ndani.

Waliendelea kila siku jioni, jua likiwa bado dirishani. Katika mazoezi hayo binti alimweleza kwa nini kordi hizo zinavuma vile. "Kuna sauti ya kati ambayo huwa inasema kama kordi ni ya furaha au ya huzuni. Hizi zimeiacha. Zina nguvu tu."

"Basi zinanifaa," alisema Mkasi. Hakutania.

Siku nyingine binti aligundua kwamba baba yake amebonyeza nyuzi saa nzima na hajasaga meno hata mara moja.

"Vidole havikuumi?"

Mkasi akamwonyesha ncha za vidole. Zilikuwa ngumu, zimechongwa na kitambaa na pateni za mbao. "Siumwi."

"Mimi viliniuma wiki mbili. Nilikuwa nalia."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, baba. Ulisema sawa tu."

Mkasi alipeleka mkono kwenye chumba cha tano, akapiga. Usiku huo alichelewa kupata usingizi, jambo ambalo hata msiba haukumfanyia.

Wiki ya tatu alikuwa anabadilisha kordi nne bila kutazama. Raha hakuiona, sitaki kuwadanganya. Ila alianza kutazama saa ya ukutani kiwandani. Mpiga pasi, jirani yake wa meza, alimwona anasogeza vidole vya kushoto juu ya kitambaa huku na huku.

"Mkasi, unawashwa?"

"Nashika kordi."

"Haya," alisema mpiga pasi, na kuanzia siku hiyo akawa anamwangalia kwa huruma.

Habari za mama mdogo hazikutajwa hata siku moja. Shule zikafungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi begi la binti lilikuwa mlangoni, limejaa hadi zipu inalalamika. Mama mdogo akapanda ngazi, akabisha hodi, hakukaa.

"Haya shemeji. Naenda naye?"

Mkasi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. "Magitaa yanatakiwa yarudishwe shuleni," alisema.

"Tutapita tuyarudishe."

"Sare zake hazijafuliwa."

"Kwangu maji yapo, shemeji."

Binti akainama, akashika mkanda wa begi, akalinyanyua. Lilikuwa zito, likamvuta bega upande mmoja, na baba yake akaona kwamba kweli anaondoka, kwamba dakika tano zijazo atakuwa chini barabarani, na chumba hiki kitabaki na kiti kisicho na mikono.

"Asiende."

Ilitoka kwa sauti kubwa mno, sauti ya kushindana na mashine. Mwenye duka la rangi huko chini bila shaka aliisikia.

"Umesemaje?" aliuliza mama mdogo.

"Sitaki aende. Namtaka hapa. Sijui kumlea, naona kabisa sijui, lakini namtaka mwanangu hapa."

Mama mdogo alivuta kiti akakaa, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alimgeukia binti. "Mwambie."

Binti hakuweka begi chini. "Baba, mama mdogo hakuja kwa akili yake. Mimi ndiye niliyempigia simu. Nilimwomba aje aseme ananichukua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nikusikie ukikataa." Akaupandisha mkanda wa begi begani. "Nikajua utakataa palepale. Nimekungoja mwezi mzima, baba. Jana nikapanga nguo zangu zote, kweli zote, maana niliona hutasema."

Mkasi alitaka kumwambia kitu. Badala yake akakaa sakafuni kando ya begi, akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, kamasi na kila kitu, hajui pa kuweka mikono. Alimtaja mkewe kwa jina. Mama mdogo naye akafunika uso. Binti akatua begi, akakaa sakafuni bega kwa bega na baba yake, akangoja amalize, na hakumaliza upesi.